Vyumba Elfu Nne na Tisini na Sita

Jumatatu asubuhi kompyuta ilitoa namba 4301, na Stanley Nyangau akaiona kabla ya Kezia Mniko, kwa kuwa alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akipoza chai.

"Imezidi kwa ngapi?" aliuliza.

"Mia mbili na tano."

"Basi toa hiyo sehemu ya mluzi."

"Sitoi."

Stanley alipuliza chai yake. Alikuwa mtu mpole kutoka upande wa Kisii, mkuu wa karakana yenye meza tatu na dirisha moja mjini Homa Bay, na katika miaka sita ya kufanya kazi na Kezia alikuwa amejifunza kwamba neno hilo la mwisho halikuwa mwanzo wa mazungumzo.

"Ratemo anakuja Ijumaa," alisema.

"Najua."

"Programu isipoingia anabeba visanduku vyote arudi navyo Nairobi. Hivyo ndivyo alivyoandika. Si mimi niliyesema."

"Najua, Bwana Nyangau."

Visanduku vyenyewe vilikuwa arobaini na vinane, vimepangwa kwenye trei za mayai ili visigongane. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa kiberiti, maiki kwa mbele, na waya unaopanda hadi sikioni mwa mtoto. Ndani kulikuwa na chipu moja nyeusi inayopokea sauti, inaipima mara elfu kumi na sita kwa sekunde, inaipitisha kwenye vichujio kumi na viwili, na kukuza zile sauti tu ambazo sikio la mtoto limeshindwa kuzishika. Chipu hiyo ina kumbukumbu ya vyumba elfu nne na tisini na sita. Programu nzima lazima ikae humo. Hakuna stoo, hakuna kibaraza. Kinachobaki nje hakipo.

Bila sehemu ya mluzi programu ingeingia na nafasi ingebaki. Stanley alijua hivyo, Ratemo alijua hivyo, na kila mmoja wao alikuwa amelisema jambo hilo kama vile Kezia hakulijua.

Muhula uliopita walikuwa wamejaribu visanduku sita visivyo na kizuia mluzi katika kitengo cha watoto wasiosikia vizuri, kwenye shule ya msingi moja upande wa Rangwe. Kisanduku huvaliwa kifuani. Mtoto akiinama kuandika, sikio na maiki vinakaribiana. Sauti inayovuja sikioni inaingia tena kwenye maiki, inakuzwa, inavuja, inaingia tena, mpaka inakuwa mluzi mwembamba unaochoma. Mara nyingi mtoto mwenyewe hausikii. Darasa zima linausikia.

"Wamewabatiza birika," Mwalimu Lorine alikuwa amemwambia Kezia wakati ule. Lorine ndiye aliyekuwa akisimamia kitengo hicho, mwanamke mrefu wa sauti kubwa aliyezoea kusema huku mikono yake ikisema vilevile kwa ishara. "Birika linachemka, birika linachemka. Wanawapitia mezani wakijifanya wanamimina chai."

Kati ya sita, watano waliviweka visanduku mifukoni. Wa sita, msichana wa miaka minane aitwaye Liz, alikipeleka chake chooni akakitumbukiza shimoni, kisha akarudi darasani akaketi. Alipoulizwa, alijibu kwa ishara mbili tu, na Lorine akazitafsiri bila kuzipamba: kinalia, wananiangalia.

Kezia hakumlaumu. Alirudi karakana akaandika kizuia mluzi, kazi ya miezi minne. Kilifanya kazi vizuri kwenye kompyuta kubwa. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu, kukaa ndani ya chipu.

*

Kezia alizaliwa Mabera, Ukuria, katika kaunti ya Migori, mahali ambapo magari ya Tanzania yanasikika usiku yakibadilisha gia. Baba yake alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja na redio moja, na redio ilipokufa Kezia ndiye aliyeifungua. Hakuitengeneza. Alikuwa na miaka tisa. Lakini aliifungua, na alipochapwa kwa kuifungua hakuomba msamaha. Mama yake bado anasimulia kisa hicho kwa wageni kana kwamba ni cha jana.

Alisomea elektroniki Kisumu, chuo cha ufundi, wasichana watatu kati ya wavulana thelathini na nane. Baadaye alikodi kibanda mjini Migori akawa fundi wa vipaza sauti vya makanisa. Huko ndiko alikojifunza mluzi. Kila Ijumaa Waadventista walimwita kabla ya Sabato, na kila Jumamosi Wakatoliki walimwita kabla ya misa, na malalamiko yalikuwa yaleyale: mhubiri akisogea karibu na spika, spika inapiga kelele. Alizunguka makanisa ya Migori miaka saba. Aliolewa mara moja, kwa muda mfupi, na mtu aliyetaka kibanda kifungwe. Kibanda kilibaki, ndoa ikaondoka. Hakulia mbele ya mtu, na hao waliomwonea huruma aliwarudishia huruma yao ikiwa bado imefungwa.

Alipokuja Homa Bay alikuta mradi umepewa chipu sitini za aina ya zamani, nzuri, imara, zisizokula betri. Walizipata kwa sababu hakuna aliyezitaka. Kampuni iliyozitengeneza ilikuwa imeacha kuziuza, na programu ya kuziandikia haikupatikana tena popote. Kilichokuwepo ni kitabu cha maelezo, kurasa mia sita, kilichochapishwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Mtu anaweza kuandika amri kwa maneno: jumlisha, zidisha, ruka hadi mahali fulani. Chipu haijui maneno. Inajua namba tu. Katikati panahitajika asembla, programu ya kugeuza maneno kuwa namba na kuzipanga vyumbani.

Kezia aliandika asembla yake mwenyewe. Ilimchukua miezi mitano. Aliipa jina la ng'ombe mmoja wa baba yake ambaye alikuwa hawezi kuendeshwa.

*

Stanley alipotoka kwenda kula, Kezia alichapisha orodha yote ya amri, kurasa sitini na nne, akazitandaza sakafuni, akavua viatu, akapiga magoti na biki nyekundu mkononi.

Chipu ile ina amri fupi na amri ndefu. Fupi inakaa chumba kimoja, ndefu inakaa viwili. Amri ya kuruka, ile inayoiambia chipu iache hapa iendelee kule, inaweza kuwa fupi ikiwa kule si mbali kuliko vyumba mia moja ishirini na saba. Zaidi ya hapo haifiki. Lazima iwe ndefu. Anayechagua ni asembla. Mwandishi anasema tu ruka hadi mwisho wa hesabu. Asembla ndiyo inayopima umbali na kuamua.

Na sasa, magotini, Kezia aliona jinsi asembla yake ilivyokuwa ikiamua.

Ilikuwa ikisoma programu kutoka juu kwenda chini. Ikikutana na amri ya kurudi nyuma, ilijua umbali, kwa kuwa ilishapita pale. Ikikutana na amri ya kuruka mbele, hadi mahali ambapo haijafika bado, haikujua. Na kwa kuwa haikujua, iliipa vyumba viwili. Kila mara. Ilikuwa hivyo kwa sababu Kezia aliiandika hivyo, na aliiandika hivyo bila kufikiri hata dakika moja, kama mtu anavyofunga mlango akitoka.

Kwao Mabera hakuna aliyepika kwa kuhesabu vichwa. Ugali ulipoepuliwa, mama yake aliukata akaacha upande mmoja mzima, akaufunikia bakuli. Upande wa mgeni. Mgeni gani? Yeyote. Huyo ambaye hajafika. Siku nyingi hakufika, na asubuhi watoto waliula ukiwa mkavu na chai. Lakini haikutokea hata siku moja upande ule ukakosekana, na nyumba ambayo ilikosa kuwa nao ilizungumziwa.

Alihesabu. Amri za kuruka mbele zilikuwa mia moja na tisini. Akapima kila moja kwa rula na kidole, akirudia kila alipofupisha. Mia moja thelathini na tisa zilikuwa zinaenda karibu tu, zingetosha chumba kimoja. Mia moja thelathini na tisa, zimelala vyumba viwiliviwili, zikisubiri umbali ambao haukuja.

Jioni mama yake alipopiga simu kumwuliza kama amekula, Kezia alimweleza. Hakujua kwa nini. Labda kwa sababu hakuna mwingine aliyeuliza.

"Kwa hiyo wageni wamekulia chakula chako," mama alisema.

"Hawakula, mama. Hawakuja. Nafasi imekaa bure."

"Sasa ulitaka waje wakute sufuria limeoshwa?"

"Ni wageni wa kompyuta."

"Hata hao wana tumbo." Mama akabadilisha mada. "Na huyo bwana wa Nairobi, atakuja na mke wake? Usimpikie samaki mdogo. Watu wa Nairobi wanaogopa miiba."

Kezia alicheka peke yake baada ya simu kukatika, kisha kicheko kikamwisha. Kuna mambo ambayo mtu hufundishwa kwa upendo, na kwa hiyo hayachunguzi kamwe. Aliona ni ajabu kwamba ukarimu wa mama yake ungeweza kuwanyima watoto wa Rangwe masikio, na aliona pia kwamba halikuwa kosa la mama yake. Lilikuwa kosa la aliyebeba desturi ya jikoni akaiingiza mahali pasipo na jiko.

*

Jumanne aliongeza duru ya pili. Asembla ilianza na kila amri ya kuruka ikiwa ndefu, ikapita, ikapima, na kila iliyoonekana kwenda karibu ikafupishwa. Kisha ikapita tena, kwa kuwa zilizofupishwa zilikuwa zimevuta nyingine karibu. Ilizunguka mara tano ikatulia.

4162.

"Sitini na sita," Stanley alisema. Safari hii alivuta kiti akaketi. "Umejitahidi, Kezia. Hakuna atakayesema hukujitahidi."

"Hiyo ni hotuba ya matanga, Bwana Nyangau. Nani amekufa?"

"Nasema tu."

"Bado mapema."

Jumatano Ratemo mwenyewe alipiga simu. Alikuwa mhandisi wa ofisi iliyokuwa ikilipia mradi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza huku akisoma kitu kingine.

"Madam, nimeona ripoti. Ushauri wangu ni punguza vichujio. Kumi na viwili ni anasa. Weka vinane."

"Nikiweka vinane, watachanganya s na f, na sh na th. Mwalimu akisema fisi, mtoto anasikia i peke yake."

"Ni bora kuliko kutosikia kitu."

"Hayo waambie wao."

"Na hii asembla. Nani aliiandika?"

"Mimi."

"Hapana, naulizia kampuni."

"Mimi, Mhandisi."

"Madam Kezia, asembla ni kazi ya makampuni. Ni kazi ya watu walio na timu."

"Timu ipo. Mimi na biki."

Ratemo hakucheka. "Angalau unaanza na amri ndefu kisha unafupisha? Hiyo ndiyo salama. Ukianza na fupi, amri isipofika inatua mahali pasipo pake, na hapo utaweka kelele sikioni mwa mtoto."

"Naanza na ndefu," Kezia alisema, na alipokuwa akilisema alihisi kitu kikimgusa, kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.

Alirudi sakafuni kwenye karatasi. Safari hii hakutazama zilizofupishwa. Alitazama zilizokataa.

Nyingi zilikuwa zinaenda mbali kwelikweli. Hizo hazina hatia. Lakini ndani ya kichujio cha kwanza aliona amri sita, zimeingiliana kama vidole vya mikono miwili. Ya kwanza ilikuwa inaruka juu ya hizo tano nyingine. Ya sita ilikuwa inarudi nyuma juu ya hizo tano nyingine. Zote sita zilikuwa zinaruka vyumba mia na ishirini na tisa au mia na thelathini. Zimepita mpaka kwa vyumba viwili, vitatu. Kwa hiyo zote sita zilikuwa ndefu.

Lakini kwa nini umbali ulikuwa mia na thelathini? Alihesabu tena kwa ncha ya biki. Kwa sababu katikati kulikuwa na amri tano ndefu. Zingekuwa fupi, umbali ungekuwa mia na ishirini na tano, na ya kwanza ingefika. Na hizo tano zilikuwa ndefu kwa nini? Kwa sababu ya kwanza ilikuwa ndefu, na wenzake wanne.

Kila moja ilikuwa ndefu kwa sababu nyingine zilikuwa ndefu.

Aliketi chini kabisa, miguu mbele, kama mtoto. Alikumbuka benchi la kanisani Mabera, akina mama sita wamekaa wameachana, wa saba amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Kila mmoja akiulizwa anaonyesha jirani: mimi ningesogea, lakini huyu hajasogea. Na kila mmoja anasema kweli. Ukiwauliza mmoja mmoja, huyo wa mlangoni atasimama mpaka misa iishe.

Asembla yake ilikuwa inauliza mmoja mmoja.

Na vichujio vilikuwa kumi na viwili, vyote vimeandikwa kwa mpangilio uleule. Sita mara kumi na mbili. Sabini na mbili. Alihitaji sitini na sita.

*

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi kuisema. Usianze na nafasi kubwa ukinyang'anya. Anza bila kumpa mtu kitu. Kila amri ya kuruka iwe fupi, hata ile unayodhani inaenda Kisumu. Kisha pita, upime, na ile tu isiyofika iongezee chumba cha pili. Ukimaliza, rudi juu upite tena, kwa kuwa ulichoongeza kimesukuma wengine mbali, na huenda aliyefika mwanzo sasa hafiki. Aliyeongezewa hanyang'anywi tena, hata iweje, la sivyo mtapeana na kupokonyana mpaka kiama. Duru itakayopita bila kuongeza hata kimoja, hapo umefika. Na kwa kuwa duru hiyo imempima kila mmoja, hakuna anayetua pasipo pake. Ratemo alikuwa ameogopa bure. Hatari ingekuwa kuanza na fupi na kutopima.

Ilikuwa rahisi kuisema, lakini mkono wake ulisita juu ya kibodi kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia. Kuandika mstari ule, kila mmoja aanze na kidogo, kulimtia aibu kidogo, aibu ya nyumbani, kama vile mama yake alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, anamtazama. Aliuandika. Kisha akasema kwa sauti, kwa Kikuria, peke yake katika karakana, kwamba hapa hakuna mgeni. Hapa kuna watoto arobaini na wanane tu, na wote wameshafika.

Asembla ilizunguka duru nne.

4090.

Alihesabu vilivyobaki kwa vidole ingawa hakukuwa na haja. Vyumba sita vitupu.

*

Alhamisi kutwa alikuwa akijaza chipu na kupima. Hakuharakisha. Kila kisanduku alikiweka mbele ya spika na kukilazimisha kupiga kelele, ili ahakikishe kuwa kile kikomo cha sauti, kinacholinda sikio lisiumizwe, kipo mahali pake. Kila kimoja alikiinamisha, akakisogeza karibu na sikio la plastiki, akasubiri mluzi. Arobaini na vinane. Hakuna kilicholia.

Saa nane mchana Mwalimu Lorine aliingia bila kubisha, funguo za pikapu ya shule zikining'inia kidoleni.

"Nyar Kuria," alisema, binti wa Ukuria, ndivyo alivyomwita siku zote. "Nasikia imeingia."

"Imeingia."

"Na huyo Ratemo?"

Stanley, aliyekuwa amesimama dirishani, alijibu kwa niaba yake. "Nimemwambia. Anasema vizuri, lakini ofisi haina utaratibu wa kukubali asembla iliyoandikwa na mtu binafsi. Atavichukua vikachunguzwe kwanza."

"Muda gani?"

"Hakusema."

"Wakati wa zile baiskeli za magurudumu matatu za watoto walemavu alisemaje?"

Kila mtu alijua kwamba hizo bado zilikuwa zinachunguzwa.

"Kesho anafika saa ngapi?" Lorine aliuliza.

"Saa nne," alisema Kezia.

"Watoto wanaingia darasani saa mbili."

Kezia alianza kuzipanga trei za mayai moja juu ya nyingine, taratibu, akiweka kitambaa katikati.

Stanley aliweka kikombe chini. "Mimi naenda posta," alisema.

"Posta una barua?" Lorine aliuliza.

"Sina. Ndiyo sababu nitachelewa."

*

Ijumaa saa nne na robo Mhandisi Ratemo alifika karakana na maboksi matatu matupu ya katoni. Alikuwa kijana kuliko sauti yake, viatu safi, macho yaliyochoka kwa safari. Alitazama meza, akatazama chini ya meza.

"Visanduku viko wapi?"

"Masikioni," alisema Kezia.

Walikwenda Rangwe kwa gari la Ratemo, na njia nzima alizungumza yeye peke yake: utaratibu, sahihi, nani atawajibika mtoto akiumia. Kezia alimwachia. Alikuwa na karatasi za vipimo mapajani, arobaini na nane, kila moja na tarehe na saa, na Ratemo alipofika mwisho wa maneno yake Kezia alimkabidhi zote. Ratemo alizisoma gari likiwa limesimama langoni mwa shule. Alizisoma kwa makini. Hilo Kezia alimhesabia.

Darasani watoto walikuwa wakinakili ubaoni. Liz alikuwa safu ya pili. Saa mbili asubuhi alikuwa amekataa kabisa. Alikuwa ameweka mikono nyuma na kumtazama Kezia kama mtu anavyomtazama aliyemwibia. Kezia hakumbembeleza. Alivaa kisanduku yeye mwenyewe, akainama mbele yake mpaka kidevu kikagusa kifua, akakaa hivyo akihesabu hadi ishirini, darasa zima la jirani likichungulia dirishani. Kisha akakivua akakiweka mezani na kwenda zake. Alipogeuka, waya ulikuwa tayari sikioni.

"Mwambie huyu akivue, nikitazame," Ratemo alimwambia Lorine.

Lorine aliikunja mikono yake kifuani. Mikono ile ambayo haikutulia hata akiwa peke yake, ilitulia. "Wewe mwambie," alisema. "Sasa anasikia."

Ratemo alisimama kando ya dawati. Liz aliinua macho, akamwona mtu mgeni mwenye viatu safi, akaona hana la kumwambia, akainama akaendelea kuandika. Aliinama sana, kama wanavyoinama watoto wote, pua karibu iguse daftari, sikio juu kabisa ya maiki.

Ratemo alisubiri. Alijua alichokuwa anasubiri. Alikuwa mhandisi, si mjinga. Wavulana wawili kutoka darasa la jirani walikuwa bado dirishani na walikuwa wakisubiri kitu hichohicho, mmoja wao akiwa ameshainua mkono kana kwamba ameshika birika. Liz aliandika mstari mzima. Akapindua ukurasa. Mvulana wa dirishani alishusha mkono.

"Vichujio kumi na viwili?" Ratemo aliuliza, taratibu.

"Vyote kumi na viwili."

"Na ulianza na fupi."

"Nilianza na fupi."

Alitoka nje, akaketi kwenye ngazi ya baraza, akatoa fomu ya ukaguzi. Aliijaza kwa muda mrefu. Kezia alisimama kando yake juani, hakuketi.

"Ofisi itaandika barua," Ratemo alisema bila kuinua kichwa. "Kwako na kwa Nyangau. Kuhusu kutoa vifaa kabla ya ukaguzi."

"Waandike kwangu. Nyangau alikuwa posta."

"Siwezi kukuahidi kwamba hawatasema virudishwe."

"Wakisema, waje wenyewe kuvivua. Kimoja kimoja. Nitawaonyesha madawati."

Ratemo alifika katikati ya ukurasa akasimamisha kalamu. "Hapa panataka jina la kampuni iliyotengeneza asembla. Hapawezi kuachwa wazi."

"Andika Kezia Mniko."

"Ni mahali pa kampuni."

"Andika Kezia Mniko, Mabera."

Ratemo alimtazama, na yeye akamtazama. Ndani ya darasa Lorine alikuwa ameanza kusomesha kwa sauti yake kubwa, na sauti kadhaa ndogo, zisizo na uhakika, zilikuwa zikijaribu kumfuata. Ratemo aliinamisha kichwa, akauliza Mniko inaandikwaje, na Kezia akamtajia herufi moja moja, taratibu, mpaka alipoimaliza.